Msimbo Ukaguliwe Ungali Mezani

Mwaka 2024 wateja wa LUKU jijini Mwanza, kama wenzao nchi nzima, walianza kupokea ujumbe wasiouzoea. Mtu alinunua umeme kwa simu akiwa Igoma au Buhongwa, akitarajia tarakimu 20 za siku zote, zikamjia 60 katika mafungu matatu. Fungu la kwanza liingizwe kwenye mita, kisha la pili, na la tatu ndilo lenye uniti zenyewe. TANESCO ilikuwa imetoa siku ya mwisho: 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingefika siku hiyo bila kufanyiwa maboresho haingepokea tena tokeni mpya.

Yalisemwa mengi mitaani wakati ule. Chanzo chenyewe, msikilizaji, kilikuwa hesabu, na hesabu hiyo inafaa kuelezwa taratibu kwa sababu ndiyo mlango wa mazungumzo ya leo.

Mita za LUKU hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichozaliwa Afrika Kusini. Ndani ya zile tarakimu 20, zikiwa zimefichwa kwa ufunguo wa siri wa mita husika, mna kiasi cha umeme kilichonunuliwa na namba ya utambulisho inayohesabu dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Mita huzikumbuka namba ilizokwisha kuzipokea, kwa hiyo mtu hawezi kuingiza tokeni moja mara mbili. Ni kinga nzuri dhidi ya wizi. Ila namba hiyo ilitengewa biti 24, na biti 24 zina nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Zigeuze dakika hizo kuwa saa, saa ziwe siku, siku ziwe miaka, unapata karibu miaka 32. Hesabu ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Yale mafungu mawili ya kwanza yalikuwa na kazi ya kuipa mita ufunguo mpya na kuifutia kumbukumbu ya zamani, ili hesabu ianze tena kutoka tarehe nyingine. Wateja wa Kenya Power na wa Umeme ya Uganda walipitia zoezi hilohilo, kwa sababu kikomo cha kiwango hakijui mipaka ya nchi.

Waliobuni STS walijua kwamba hesabu yao ina mwisho, na njia ya kuuvuka iliandaliwa mapema. Hata hivyo kila mwenye mita alilazimika kubonyeza tarakimu 60 kwa kidole chake mwenyewe. Hiyo ndiyo gharama ya kugusa kifaa kilichokwisha kufungwa ukutani. Sasa tuwazie kikomo kama hicho ambacho hakuna aliyekijua, kilichojificha ndani ya mstari mmoja wa programu, na mtu wa kwanza kukigundua akawa mwizi.

Mistari ya namna hiyo mara nyingi huandikwa kwa lugha ya C. Dennis Ritchie aliibuni katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na zaidi ya nusu karne baadaye bado ndiyo lugha kuu ya vifaa vidogo: mizani za kidijitali, vidhibiti vya chaji za sola, vifaa vya kufuatilia magari, mashine za kupokea malipo. Hata simu ya Android iliyo mfukoni mwa mchuuzi wa sangara pale Mwaloni Kirumba ina kiini cha Linux, na kiini hicho kwa sehemu kubwa ni C.

Lugha hii humpa fundi uhuru wote bila kumsimamia. Akitenga nafasi ya baiti 16 kwa ajili ya jina, kisha likaja jina la baiti 40, C yenyewe haitasema lolote. Baiti zilizozidi zitaandikwa juu ya kumbukumbu ya jirani. Jirani huyo anaweza kuwa salio la mteja. Anaweza pia kuwa anwani inayoiambia kompyuta iende wapi baada ya kumaliza kazi iliyopo, na mdukuzi akiishika anwani hiyo ameishika mashine nzima.

Ulimwengu ulilifahamu jambo hili kwa kishindo tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti changa ya siku hizo programu inayojisambaza yenyewe. Moja ya milango aliyoitumia ilikuwa huduma ndogo ya kuulizia habari za watumiaji, iliyopokea maandishi kwa amri ya C iitwayo gets. Amri hiyo huchukua chochote kinacholetwa bila kuuliza kina urefu gani. Nafasi iliyotengwa ilikuwa baiti 512. Programu ya Morris ilituma 536. Baiti 24 za ziada zilitosha kufungua mlango, na makadirio ya wakati ule yalitaja kompyuta zipatazo 6,000 zilizoambukizwa. Amri ya gets iliondolewa rasmi kwenye kiwango cha lugha ya C mwaka 2011. Miaka 23 ilipita tangu siku ile!

Je, tundu la aina hiyo hutafutwa vipi? Ipo njia ya kuiendesha programu, kuilisha data njema na mbaya, na kungoja ianguke. Ipo nyingine, ya kuisoma bila kuiendesha kabisa, ambayo wataalamu huiita uchambuzi tuli. Hapo programu moja huisoma programu nyingine mstari kwa mstari, ikijiuliza kila inapofika: njia zinazoweza kuleta data hapa ni zipi, na je, ipo hata moja inayovunja kanuni? Fundi mitumbwi wa ufukweni Ilemela hufanya vivyo hivyo anapopitisha kidole kwenye kila ungio la mbao na kulikalafati kwa pamba, chombo kikiwa bado nchi kavu. Hangoji kukiona kikivuja njiani kuelekea Ukerewe.

Zana za kwanza za kazi hii zina umri sawa na umri wa mtu mzima mwenye wajukuu. Stephen Johnson aliandika ya kwanza maarufu, Lint, katika maabara zilezile za Bell mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyingine nyepesi, Flawfinder ya David Wheeler, ilitoka mwaka 2001: inapita ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu, ikitafuta majina ya amri zenye sifa mbaya, kama gets, strcpy na sprintf, na kuziorodhesha kwa kiwango cha hatari. Inafanya kazi haraka, lakini inapiga kelele nyingi, kwa kuwa inaona jina la amri tu na haiulizi kama hapo ilipo inatumika kwa uangalifu.

Zana zilizokomaa hufuata data. Tuchukue mfano wa kubuni, wa programu ya tiketi za meli kati ya Mwanza na Bukoba. Seva inapokea kutoka kwenye mtandao idadi ya abiria, inaizidisha kwa baiti 256 za taarifa za kila abiria, kisha inaomba kumbukumbu ya kutosha kuwaandika wote. Msimbo unasomeka safi. Ukijaribiwa kwa abiria 5, 50 au 500 unafanya kazi bila tatizo. Mtu mbaya anatuma idadi ya 16,777,217. Hakuna meli ya kubeba umati huo, lakini seva haina habari. Kuzidisha kunaleta 4,294,967,552, na biti 32 zinaishia 4,294,967,295. Namba inajaa, inazunguka na kuanza upya, na jibu linalobaki ni 256. Seva inatenga nafasi ya abiria mmoja, kisha inaanza kuandika milioni 16. Kila kilicho jirani kinafutwa na kuandikwa upya kwa maneno ya yule aliyetuma.

Mchambuzi mzuri angeiona hatari hii kabla seva haijawashwa. Angeitia alama ile idadi pale inapoingia kutoka nje, kuwa ni data isiyoaminika. Angeifuata ikipita kutoka amri moja hadi nyingine, akitafuta kama kuna mahali popote inapopimwa. Akiona imefika kwenye kuzidisha na kwenye kuomba kumbukumbu bila kupimwa, angetoa onyo lenye njia nzima: imeingilia hapa, imepita hapa, imeharibia hapa. Dawa yake ni mstari mmoja. Meli mpya ya MV Mwanza imejengwa kubeba abiria 1,200. Idadi yoyote inayozidi uwezo wa chombo ikataliwe mlangoni.

Ugumu unaongezeka, na hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Katika C zipo namba zisizo na alama ya kutoa, ambazo zikijaa huzunguka kwa utaratibu unaojulikana, na zipo zenye alama, ambazo zikijaa kiwango cha lugha hakisemi kitakachotokea. Kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaruhusiwa kudhani kwamba jambo hilo halitatokea kamwe. Fundi mwangalifu anaweza kuandika ulinzi wake: jumla ikitoka ndogo kuliko namba nilizojumlisha, simama. Kompaila inausoma ulinzi huo, inaona kwamba kwa sheria za lugha hali hiyo haiwezekani, na inauondoa ili programu iende kasi zaidi. Mlinzi ameondolewa usiku, na kwenye karatasi bado anaonekana yuko zamu. Kosa la aina hii ni vigumu kuligundua kwa kusoma kwa macho peke yake, na ni moja ya sababu zinazofanya zana hizi zistahili heshima.

Wakati mwingine kosa ni dogo kiasi cha kuumiza moyo. Februari 2014 kampuni ya Apple ilirekebisha msimbo wake wa kuhakiki mawasiliano salama, ambamo mstari mmoja ulikuwa umejirudia. Mstari wa pili uliruka uhakiki wote uliofuata, na simu ikakubali saini ya kidijitali ya seva bila kumaliza kuikagua. Mchambuzi angesema jambo moja tu: sehemu hii ya chini haifikiwi kamwe. Hilo lingetosha.

Miezi miwili baadaye lilikuja kubwa zaidi, na lenyewe linafundisha mipaka ya zana hizi. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa hitilafu ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria ya C iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ilihusu ombi dogo la kompyuta mbili kujuliana hali: moja hutuma neno na kusema lina urefu gani, nyingine hulirudisha. Hakuna aliyeandika amri ya kulinganisha urefu uliotajwa na urefu wa neno lililofika. Mtu alituma baiti moja na kudai ni 65,535, na seva ikarudisha baiti hiyo pamoja na hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, zikiwemo nywila na hata funguo za siri. Hitilafu ilikuwa imesambazwa tangu Machi 2012. Msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, zana za uchambuzi zilikuwepo, na bado miaka miwili ilipita.

Kwa nini hazikuiona? Njia ambayo data ilipitia ilikuwa ndefu na yenye kona, na zana hazikutambua kwamba urefu ule umetoka kwa mgeni. Baada ya tangazo, wahandisi wa Coverity, kampuni iliyochipuka kutoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, walipata ufumbuzi wa busara: data inayopangwa upya baiti zake, kama inavyofanyika kwa namba zinazotoka mtandaoni, ichukuliwe kuwa ya mgeni. Kwa kanuni hiyo zana yao iliweza kuiona Heartbleed. Wachambuzi hawa hukua kwa namna hiyo, kila janga likiacha nyuma yake kanuni mpya.

Ukamilifu haupo, na hilo limethibitishwa kihisabati. Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuitazama programu yoyote ile na kusema kwa uhakika kama itafika mwisho. Henry Rice alipanua hoja hiyo mwaka 1953. Kwa hiyo kila zana inachagua kosa lake: ama iache baadhi ya matundu yapite, ama itoe maonyo ambayo mengine ni ya uongo. Maonyo ya uongo yana madhara yake. Fundi aliyepewa maonyo 900 asubuhi moja, na 20 ya kwanza yakawa hayana maana, hatayasoma 880 yaliyobaki. Timu zinazofanikiwa huanza na kanuni chache zenye uhakika, zinasafisha, kisha zinaongeza.

Kazi hii inahitaji mtu. Kwenye kiini cha Linux, Dan Carpenter, aliyetengeneza mchambuzi aitwaye Smatch, amekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa watu wanaoripoti makosa mengi zaidi. Zana hutoa orodha, na yeye huipitia, hupambanua, kisha humwandikia mwenye msimbo na kumweleza tatizo. Mashine inasoma kwa kasi, lakini uamuzi unabaki kwa binadamu anayejua msimbo ule unafanya kazi gani.

Wapo wanaosema dawa ni kuiacha C. Wana hoja nzito. Microsoft ilieleza mwaka 2019 kwamba karibu asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama iliourekebisha kila mwaka ulitokana na makosa ya kumbukumbu. Google nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba kwenye Android sehemu ya udhaifu wa aina hiyo ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24, baada ya msimbo mpya kuanza kuandikwa kwa lugha salama zaidi kama Rust. Anayeanza mradi mpya leo aitazame njia hiyo kwa makini. Ila vifaa vilivyokwisha kufungwa majumbani na maofisini havitaandikwa upya kwa Rust, na chipu nyingi za bei nafuu zinazoingia nchini bado zinakuja na zana za C. Kwa miaka mingi ijayo kutakuwa na C ya kukagua.

Habari njema kwa kijana wa Mwanza ni kwamba nyenzo za kazi hii ni za bure. Cppcheck ni programu huria. Kompaila ya Clang ina mchambuzi wake. Kompaila ya GCC imekuwa na wake tangu toleo la 10 la mwaka 2020, na huwashwa kwa neno moja, -fanalyzer. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha, na zikishapakuliwa, hazihitaji intaneti wala seva ya gharama. Mwanafunzi wa kompyuta pale SAUT, Malimbe, anaweza leo usiku kuchukua programu huria anayoitumia, kuichambua, na akikuta kosa la kweli kuwaandikia wenyewe kwa faragha pamoja na marekebisho. Hiyo ni barua ya kuombea kazi yenye nguvu kuliko cheti.

Mipaka ya kisheria iheshimiwe. Kusoma msimbo wako, au msimbo huria, ni halali. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama nia ni kuonyesha udhaifu. Anayegundua tundu kwenye mfumo unaotumika amjulishe mwenye mfumo, na kwa masuala ya usalama wa mtandao kitaifa ipo timu ya TZ-CERT chini ya TCRA.

Lakini mzigo mkubwa hauko kwa wanafunzi. Uko kwa wanunuzi. Halmashauri, mamlaka za maji, vyama vya ushirika, hospitali na kampuni za usafiri hununua kila mwaka vifaa vyenye programu ndani yake. Mkataba hutaja bei, idadi, rangi na muda wa dhamana. Ni nadra kukuta sharti kwamba muuzaji alete ripoti ya uchambuzi wa msimbo, aeleze maonyo yaliyobaki na sababu ya kuyaacha, na aonyeshe jinsi kifaa kitakavyopokea marekebisho kikiwa tayari kimefungwa. Wakala wa Vipimo hukagua mizani kabla mfanyabiashara hajaitumia kumpimia mtu samaki. Programu iliyo ndani ya kifaa inastahili ukaguzi wa mapema wa uzito uleule. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023, taasisi inayotunza taarifa za watu ina wajibu wa kuzilinda, na itakuwa vigumu kujitetea kwamba haikujua kilichokuwa ndani ya kisanduku ilichonunua.

Iko tarehe nyingine ya kuandikwa kwenye kalenda. Programu nyingi za C huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na zile za zamani huziweka kwenye namba ya biti 32 yenye alama. Namba hiyo itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, kifaa ambacho hakikurekebishwa kinaweza kuamini kwamba kiko Desemba 1901. Mita, kidhibiti cha pampu au mfumo wa tiketi unaonunuliwa sasa kwa matumaini ya kudumu miaka 15 utaikuta asubuhi hiyo ukiwa kazini. Wachambuzi tuli wanaweza kuonyesha leo kila mstari ambamo muda unabanwa kwenye namba isiyotosha. Anayesaini mkataba wa vifaa mwaka huu amuulize muuzaji maswali mawili kabla ya kuweka kalamu: muda unahesabiwa kwa biti ngapi, na ripoti ya ukaguzi wa msimbo iko wapi.